Mti wa Krismasi, Mti wa Umma: Historia ya Safari ya Desemba Kwenda Kyela

Tarehe 24 Desemba 1931, vibarua waliokuwa wakijenga Rockefeller Center katika jiji la New York walichangishana fedha, wakanunua mti wa jamii ya msonobari wenye urefu wa futi 20, wakausimamisha katikati ya matope na vifusi, na kuupamba kwa mapambo ambayo familia zao ziliyatengeneza kwa mikono. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka tangu 1929, na mtu mwenye kibarua alijihesabu kuwa mwenye bahati. Picha ya siku ile inawaonyesha wamepanga foleni kando ya mti wao, wakisubiri malipo. Mwaka 1933 wenye majengo waliuchukua utaratibu huo na kuufanya sherehe rasmi. Tangu hapo vizazi kadhaa vya familia za jiji lile, pamoja na wageni kutoka pande zote za dunia, huwashika watoto wao mikono kila Desemba na kwenda kuutazama mti wa Rockefeller.

Nimeanza mbali kwa makusudi. Vijana ninaowafundisha hunionyesha picha walizopiga mbele ya miti iliyopambwa katika hoteli na maduka makubwa ya Dar es Salaam. Mwaka jana mmoja wao, mzaliwa wa jiji hilo ambaye wazazi wake wanatoka Kyela, aliniuliza kwa nini sisi hatuna desturi ya familia kwenda kuutembelea mti wa jiji kama walivyo nayo watu wa New York na London. Nilimjibu kwamba tunayo desturi hiyo, ila mwelekeo wake ni kinyume: kwetu, jiji ndilo linalofunga safari. Makala haya ni jibu refu la swali lile. Yanahusu historia ya Krismasi katika ukanda wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na yanahusu pia siasa, kwa maana swali la mahali gani ni petu sote ni swali la kisiasa kuliko linavyoonekana.

Mti uliozaliwa na upweke wa jiji

Mti wa Krismasi wa ndani ya nyumba ni desturi ya kale ya nchi za Wajerumani. Waingereza waliupokea kwa wingi baada ya mwaka 1848, pale gazeti la picha la London lilipochapisha mchoro wa Malkia Victoria, mumewe Mjerumani Albert, na watoto wao wakiwa wameuzunguka mti wao. Mti wa hadharani, uliosimamishwa uwanjani kwa ajili ya watu wote, ni desturi changa zaidi. Jiji la New York liliusimamisha wa kwanza mwaka 1912 katika bustani ya Madison Square, na Boston ikafanya vivyo hivyo mwaka huohuo. Miji ile ilikuwa imejaa wahamiaji waliokuja kutafuta riziki viwandani, watu waliopanga vyumba vidogo na kuacha jamaa zao ng'ambo ya bahari. Waanzilishi walitaka maskini asiye na mti nyumbani, na mgeni asiye na jamaa mjini, wapate mahali pa kusimama pamoja na wenzao usiku wa mkesha.

Miti mingine ya hadharani ilizaliwa na deni. Tangu 1947 wananchi wa Oslo, Norway, hupeleka mti London kila mwaka, nao husimamishwa katika uwanja wa Trafalgar. Ni shukrani kwa msaada wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, Norway ilipotekwa na mfalme wake Haakon akakimbilia uhamishoni London. Vivyo hivyo Boston hupokea mti kutoka jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, kwa kumbukumbu ya msaada ambao watu wa Boston waliupeleka Halifax baada ya mlipuko wa meli ya shehena za silaha tarehe 6 Desemba 1917, mlipuko uliowaua watu zaidi ya 1,700.

Ukiitazama mifano hii utaona kwamba mti wa umma una sifa tatu. Husimama mahali ambapo hakuna anayeulizwa amekuja kununua nini. Hubeba kumbukumbu ya jambo lililowapata watu kwa pamoja. Na kwa kuwa familia hurudi palepale kila mwaka, hugeuka kuwa kipimo cha umri: hapa mtoto alibebwa, hapa alisimama mwenyewe, hapa babu hakuwepo tena. Tuzishike sifa hizo tatu tunaposhuka kuelekea ziwani.

Krismasi mbili kando ya Songwe

Mpaka wa Tanzania na Malawi katika ukanda wetu hufuata mto Songwe. Ni mstari uliokubaliwa baina ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1890, na ulipita katikati ya watu waliokuwa wakisikilizana lugha, Wanyakyusa upande wa kaskazini na Wangonde wa Karonga upande wa kusini. Mwaka uliofuata, 1891, wamisionari wa Kijerumani walifika kaskazini mwa mto huo kwa makundi mawili. Wamoravian, ambao makao yao makuu yalikuwa Herrnhut, waliweka kituo Rungwe. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walishika upande wa mashariki na hatimaye wakateremka hadi ufukweni, Ikombe na baadaye Matema, chini ya milima ya Livingstone. Mwaka 1894 Wamoravian walifungua kituo cha Ipyana katika tambarare ambayo leo ni Kyela. Ipyana kwa Kinyakyusa ni neema.

Watu hawa walitoka katika nchi ya mti wa Krismasi. Wamoravian walikuwa pia na urithi wao wa pekee: tangu mwaka 1747, katika ibada ya watoto huko Marienborn, walikuwa na desturi ya kumpa kila mtoto mshumaa uliofungwa utepe mwekundu usiku wa Krismasi. Kwa Mmoravian, Krismasi isiyo na mwanga mkononi mwa mtoto haijatimia.

Ng'ambo ya Songwe hali ilikuwa nyingine. Huko walikuwako Waskoti wa misheni ya Livingstonia. Kanisa la Uskoti, tangu mageuzi ya dini ya karne ya 16, liliitilia shaka Krismasi na kuiona kuwa sikukuu isiyo na agizo katika Maandiko. Bunge la Uskoti liliifuta mapumziko yake mwaka 1640, na siku ya Krismasi ilikuja kuwa siku ya mapumziko ya umma nchini humo mwaka 1958 tu. Fikiria basi: ukoo mmoja, wenye mashamba pande mbili za mto mmoja, ulikuwa na walimu wa dini ambao mmoja alilelewa akihesabu siku za kuwasha mishumaa, na mwingine alilelewa katika nyumba ambamo tarehe 25 Desemba baba alikwenda kazini kama kawaida.

Lakini historia haikuwaachia wageni hao sikukuu yetu. Mnamo Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yalivuka Songwe kutoka Nyasaland na kuitwaa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Vituo vyao viliangaliwa na Waskoti wa Livingstonia, wachache mno kwa eneo kubwa kiasi kile, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurejea katikati ya miaka ya 1920. Vita vya 1939 vilipoanza waliondolewa tena. Kwa vipindi hivyo viwili, waliosimama madhabahuni, waliofundisha watoto nyimbo na kufungua milango ya makanisa usiku wa mkesha walikuwa walimu na wazee wa Kinyakyusa na Kikinga. Kama Krismasi ingekuwa mali ya Mjerumani, ingeondoka naye. Kama ingemtegemea Mskoti, huenda ingepoa. Ilibaki kwa sababu tayari watu walikuwa wameiweka mahali pake katika maisha yao, na mahali hapo palikuwa pamekwisha kuandaliwa zamani.

Miti iliyopandwa

Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na vitabu vilivyotokana na utafiti wao, hasa kile cha 1951 kuhusu vijiji vya marika, vinasomwa hadi leo vyuoni. Wanaeleza mpangilio uliowashangaza wasomi wengi: wavulana wa rika moja walitoka katika kijiji cha baba zao wakiwa bado wadogo, wakajenga cha kwao, wakakua humo, wakaoa humo. Baba walibaki na mamlaka hadi ulipofika wakati wa kuyakabidhi. Kukabidhi huko kuliitwa ubusoka, yaani kutoka. Machifu vijana walitawazwa, wakuu wapya wa vijiji waliteuliwa, mioto ya zamani ilizimwa majumbani na moto mpya ukapekechwa. Na katika sherehe hiyo miti ilipandwa.

Naomba msomaji atulie hapo kidogo. Mti wa New York hukatwa, husafirishwa, huwaka wiki kadhaa, kisha huondolewa. Mti wa ubusoka ulipandwa ili uishi kuliko waliouotesha. Ulikuwa kumbukumbu ya mwaka ambao kizazi kimoja kilimpisha kingine. Machifu walipofariki walizikwa penye miti, na vichaka vya makaburi yao vilikuwa haramu kukatwa. Kule Lubaga, mahali pa Lwembe, na kule kwenye pango la Pali-Kyala karibu na Ikombe, watu walikwenda kwa nyakati maalumu kuomba mvua, rutuba na afya. Jina Kyala ndilo Biblia ya Kinyakyusa inalolitumia kwa Mungu hadi sasa. Sisemi kwamba dini hizi mbili ni kitu kimoja. Nasema kwamba kabla ya mwaka 1891 watu wa ukanda huu walikuwa wamezoea kuacha shughuli zao kwa msimu fulani, kufunga safari, na kukusanyika penye mti au kichaka ambamo wafu wao walilala, ili walio hai wapatane kwanza ndipo waombe.

Basi zile sifa tatu za mti wa umma zilikuwepo: mahali pasipo mwenyewe, kumbukumbu ya pamoja, na kipimo cha vizazi. Krismasi ilipokuja ilikuta kiti kimewekwa.

Safari ya kurudi

Kilichoifanya Krismasi kuwa safari ni kodi. Serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza waliendelea na utaratibu wa namna hiyo. Fedha taslimu hazikupatikana kirahisi katika nchi ya ndizi na ng'ombe, hivyo wanaume walizifuata zilikokuwa. Baadhi walikwenda kwenye mashamba ya wazungu. Dhahabu ilipopatikana Lupa, wilayani Chunya, katika miaka ya 1920, Wanyakyusa walipanda milima kwa miguu kwenda kuchimba. Wengine walivuka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Na baada ya Vita Kuu ya Pili wengi waliandikishwa kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kupitia shirika ambalo wazee wetu waliliita Wenela.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Wenela. Alikuwa akisema kwamba mgodini siku hazina majina, kwa kuwa chini ya ardhi jua halichomozi, na kwamba katika mwaka mzima aliihesabu siku moja tu. Wenzake walipoulizana watarudi lini, hawakutaja mwezi wa kumaliza mkataba, walisema, “Krismasi ya mwakani nitakula wali wa nyumbani.” Mkataba ulikuwa na tarehe yake katika vitabu vya kampuni, lakini tarehe iliyomfanya mtu avumilie ilikuwa hiyo nyingine. Hivyo ndivyo, kwa maoni yangu, Krismasi ya Kyela ilivyopata maana ambayo mmisionari hakuileta: ikawa siku ya kuwahesabu waliorudi. Kiti kitupu mezani tarehe 25 Desemba kilikuwa habari kamili. Aidha amekufa, aidha amepotea, aidha ameoa huko.

Mara baada ya Uhuru serikali yetu ilikataa vijana wa nchi hii wasiendelee kupelekwa kwa makaburu, na safari za Wenela zikakoma. Mwelekeo wa uhamaji uligeuka kwenda Dar es Salaam, Mbeya mjini na mashirika ya umma yaliyokuwa yakianzishwa. Kisha ikaja reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Vitabu vingi huieleza kwa habari ya shaba ya Zambia na ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na ni sawa. Ila kwa watoto wa watumishi waliotoka Mbeya, Rungwe na Kyela, TAZARA ilikuwa treni ya Krismasi.

Mimi ni mmoja wa watoto hao. Katika miaka ya 1980, wakati sukari, sabuni na vitambaa vilipokuwa adimu, mama alianza kukusanya mzigo wa Desemba tangu Agosti: kipande cha sabuni hapa, doti ya kanga pale, vyote ndani ya sanduku la bati. Tulilala ndani ya behewa, tukaamka tumo nyanda za juu, tukateremka Mbeya. Kutoka hapo tulipanda gari lililopita Uyole na Tukuyu, kwenye baridi, chai na migomba, kisha likaanza kuteremka, na kila baada ya maili chache mtu mmoja alivua koti. Tulipofika bondeni joto lilikuwa lile lile la Dar es Salaam, ila lilinukia mpunga.

Hatukupelekwa kwanza penye chakula. Shangazi yetu mkubwa alitupokea, akapokea salamu zetu kwa utaratibu, wadogo tukiwa tumeinama, kisha akatuongoza nyuma ya nyumba penye makaburi. Alilitaja kila kaburi kwa jina na kwa kisa: huyu aliijenga hii njia, huyu alikufa kwa ndui, huyu alikwenda Lupa akarudi bila kitu na hatukumcheka. Kutoka makaburini alitupitisha kwenye mipaka ya shamba, mwembe huu ni wetu, ule wa jirani, na kijito kile ni cha wote. Mkesha ulikuwa kanisani, ambako milango ilipambwa kwa matawi ya michikichi na kila mtoto aliyekuwa na mshumaa aliuwasha kutoka kwa mwenzake. Siku ya tarehe 25 ilikuwa ya wali na mbasa. Tarehe 26 vijana walikwenda Matema, ufukweni, na wakubwa walinunua vyungu vilivyofinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi.

Yote yale yalionekana kuwa starehe. Leo, nikiyatazama kama mwalimu wa historia, naona kwamba katika siku nne tulikuwa tumefundishwa nasaba, sheria ya ardhi, ibada na uchumi wa eneo, na aliyetufundisha alikuwa mwanamke ambaye hakumaliza darasa la nne.

Mti wa dukani

Sasa turudi kwa kijana wangu na picha yake. Sina ugomvi na mti wa dukani. Unapendeza, watoto huufurahia, na mzazi ambaye hana nauli ana haki ya kuwaonyesha wanawe taa. Piga hesabu mwenyewe: familia ya watu watano ni nauli kumi, kwenda na kurudi, kwa umbali wa zaidi ya kilomita 900 kila upande, katika mwezi ambao tiketi huwa haba na walanguzi huwa wengi, huku ada za Januari zikikaribia. Anayewalaumu vijana kwamba wameacha kwao bila kuitaja hesabu hiyo hawatendei haki.

Ila tuuite mti huo kwa jina lake. Umesimama ndani ya jengo la mtu, una mlinzi, na saa ya kufunga ikifika mnatoka. Hauna deni la mtu yeyote wala kumbukumbu ya tukio lolote. Kati ya zile sifa tatu umebakiwa na moja, ile ya kurudi kila mwaka, nayo inategemea kama duka bado lipo.

Miji yetu iliwahi kujua miti ya umma. Tazama majina ya Dar es Salaam: Mnazi Mmoja, Mwembechai, Mkwajuni, Mwembe Yanga. Watu waliviita viwanja na mitaa kwa miti kwa sababu chini yake walikutana. Mnazi Mmoja ulikuwa uwanja uliowatenga Waafrika wa Kariakoo na wafanyabiashara wa Kihindi katika mipango miji ya kikoloni, na baadaye wananchi wakaugeuza kuwa mahali pa mikutano na maadhimisho yao. Ni Mwembe Yanga, Temeke, ambako mnamo Septemba 2007 Dk. Wilbrod Slaa alisoma hadharani orodha ya majina ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Mahali palipoitwa kwa mti palikuwa mahali pa kuulizana maswali. Viwanja vya aina hiyo vinapopungua na nafasi yao kuchukuliwa na maegesho na maduka, tunapoteza zaidi ya kivuli.

Kyela nako hakuko salama. Wilaya hii ndiyo inayoongoza kwa kakao nchini, na mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Shamba ambalo zamani lilikuwa mahali pa kuzikia na kulima mpunga kidogo sasa lina thamani inayowafanya ndugu wasisalimiane. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inautambua umiliki wa kimila na kuruhusu upewe hati. Hata hivyo, kabla ya hati kuandikwa mtu lazima aje aonyeshe mpaka, na majirani wakubali. Mtoto wa Kyela ambaye hajawahi kuonyeshwa mwembe wa mpaka hataweza kuutetea, na binamu aliyebaki kijijini anajua hivyo. Nimeshuhudia mabaraza ya ukoo ambamo mwenye elimu kubwa kuliko wote alikaa kimya kwa kuwa hakujua kaburi la bibi yake ni lipi.

Ufukwe nao una habari yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za maziwa na mito. Hizo mita 60 ndizo uwanja wetu wa Trafalgar. Zikilindwa, mtoto wa mvuvi na mtoto wa waziri wataendelea kukutana Matema tarehe 26 Desemba bila kulipa kiingilio. Zikigawanywa kimyakimya, tutakuja kuwaonyesha wajukuu ziwa kupitia uzio.

La kufanya

Serikali haijawahi kuitambua safari ya Desemba kuwa jambo la umma, ingawa huihamisha sehemu kubwa ya nchi kila mwaka. Kila msimu tunasikia maonyo kuhusu nauli zilizopandishwa, na onyo halimfikishi mtu kwao. Mabehewa ya nyongeza ya TAZARA, yakipangwa na kutangazwa tangu Oktoba, yangesaidia familia nyingi kuliko hotuba. Halmashauri ya Wilaya ya Kyela, kwa upande wake, ingeweza kuviorodhesha vichaka vya jadi na makaburi ya machifu kama inavyoorodhesha visima na shule, na kuweka alama za wazi za mita 60 pale Matema. Na kama ikitaka mti wa hadharani wa sikukuu, basi na upandwe, mmoja kila kizazi, mahali pasipo mwenyewe.

Yaliyobaki ni yetu. Kwa kijana aliyeniuliza na wenzake nina ombi dogo: Desemba hii, ukiweza kwenda, nenda na daftari. Uliza majina ya waliolala nyuma ya nyumba hadi kizazi cha tatu. Uliza mpaka wa shamba unapita mti gani, na usimame penye mti huo. Uliza babu au bibi alifuata fedha wapi, Lupa, shaba, Wenela au Kariakoo, na alirudi na nini. Ukishindwa kwenda kwa sababu ya nauli, piga simu jioni ya tarehe 24, kabla wazee hawajaenda kwenye mkesha, na uulize hayohayo. Wanaojua majibu ni wachache, na kila mwaka kaburi jipya huchimbwa na mmoja wao.